Niliambiwa nishukuru kwa kila jambo wakati hata kusali siwezi. Naomba tuzungumze, kina mama (na kina baba mnakaribishwa)

#1 Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nimeamua uende kama ulivyo. Ni mrefu, mnivumilie.

Miaka mitatu iliyopita mimba yangu iliharibika ikiwa na wiki 19. Tulikuwa tumeisubiri kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshaanza kufuma sweta ya manjano, mkono mmoja umekwisha na wa pili umefika kwenye kiwiko. Niliporudi kutoka hospitali niliikuta juu ya kiti, sindano bado zimechomekwa, vilevile nilivyoiacha nikidhani natoka kwa saa moja tu.

Wiki hiyohiyo kina mama wa kanisani walikuja kunifariji. Nawapenda, na najua walikuja kwa nia njema. Walinifulia, wakapiga deki, wakakaa nami. Ila mmoja wao alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, Neno linasema shukuruni kwa kila jambo. Mshukuru Mungu hata kwa hili, ndipo atakufungulia mlango mwingine." Nikaitikia amina. Walipoondoka nilijifungia chumbani, nikapiga magoti, nikajaribu kwa moyo wote. Nilifungua kinywa niseme asante Bwana kwa kumchukua mtoto wangu. Nikafika katikati nikakwama. Na kwa kuwa sala ile ilinishinda kuimaliza, nyingine zote zikanishinda kuzianza.

Ikawa hivyo miezi mitano. Ibadani nilikwenda, kwaya niliimba, midomo ikitembea. Nikirudi nyumbani, kimya. Hakuna aliyejua, hata mume wangu, ingawa mimi ndiye niliyekuwa naongoza sala ya jioni. Nikawa nasoma mstari mmoja kisha namwambia, "Leo omba wewe, baba." Kesho yake vilevile. Nilijiona mnafiki, na kuliko unafiki kilichonitesa ni hofu. Niliamini Mungu ameniwekea sharti, sharti limenishinda, na hataki kunisikia mpaka niyatamke yale maneno.

Nikasubiri labda mahubiri fulani yatanifungua. Hayakunifungua. Usiku mmoja wa baridi nilikuwa naosha vyombo, nimechoka, vidole vimekauka na kupasuka kwenye vifundo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Yalipopita kwenye ile mipasuko nikasikia nafuu, na kabla sijawaza nikasema, "Asante kwa maji haya." Nikabaki nimesimama na sufuria mkononi, nalia, mpaka maji yakapoa. Nilikuwa nimesema naye, wapendwa. Baada ya miezi mitano. Na sikuwa nimemshukuru kwa kaburi la mwanangu, nilikuwa nimemshukuru kwa maji.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma Maandiko kama mtu anayetafuta ruhusa. Ndipo nikamkuta Hana.

Habari yake tunaijua wote, Samweli wa Kwanza sura ya 1. Huwa tunahubiriwa kama habari ya mwanamke aliyeomba akapewa mtoto, tunapiga vigelegele, tunakwenda nyumbani. Isomeni taratibu. Hana analia, chakula hakipiti. Mke mwenza, Penina, anamchokoza mwaka hadi mwaka. Mumewe Elkana anampenda kweli, ila anachoweza kumwambia ni kama yeye si bora kuliko watoto kumi. Anakwenda mbele za Bwana anaomba moyoni, midomo inatikisika, sauti haisikiki, na kuhani Eli akimtazama anadhani amelewa. Hapo nimekaa siku nyingi. Kuhani mzima, ameketi mlangoni mwa nyumba ya Mungu, sala inapita mbele ya macho yake na haitambui! Hana anamjibu kwa adabu kwamba hajalewa, ameimimina roho yake mbele za Bwana. Anasema wazi kwamba kilichomsemesha ni uchungu na malalamiko yake. Katika sala ile neno asante halimo.

Halafu mstari wa 18 unasema akaenda zake, akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena.

Angalieni ni wakati gani. Mimba hakuna. Anarudi kwa Penina yuleyule na maneno yaleyale. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba amesema yote, hakubakiza, na amepewa neno la amani. Wimbo wake wa shukrani unakuja sura ya 2, Samweli ameshazaliwa, ameshaachishwa ziwa, na anaimba siku ileile anayomwacha mtoto katika nyumba ya Bwana huko Shilo na kurudi nyumbani mikono mitupu. Kati ya machozi na wimbo imepita miaka, na sioni mahali Maandiko yanapomharakisha.

Na kuna mstari mmoja ambao sijawahi kuusikia madhabahuni, 2:19. Kila mwaka Hana alikuwa akimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea. Fikirieni hilo. Ukimshonea mtoto usiyelala naye nyumba moja lazima ukisie mabega yamepanuka kiasi gani, mikono imerefuka kiasi gani. Mwaka mzima anapima kwa macho ya moyo. Siku nilipousoma mstari ule, sweta yangu iko kwenye droo hatua mbili kutoka kitandani, nilifunga Biblia nikalala.

Siku hizi nasali kwa vipande. Nakunja nguo, naitaja kila nguo na mwenye nguo. Nikiwa kwenye foleni nasema sentensi moja. Na nina daftari la kawaida la shule, kila ukurasa nimeugawa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto naandika kinachoniuma, upande wa kulia naandika asante. Ziko siku kulia panabaki patupu na sipajazi kwa kulazimisha. Ziko siku nyingine, kama juzi, nimeandika vitu saba, na kimojawapo ni kwamba mume wangu alicheka usingizini.

Nauliza mambo mawili. Nyinyi mnaombaje siku ambayo shukrani haitoki? Na je, nakosea nikisema kwamba hatukuagizwa kuushukuru msiba?

#2

Dada, pole sana. Nasoma hapa nikiwa zamu ya usiku wodini, nimelazimika kutoka koridoni.

Kwa swali la kwanza: mimi sina nusu saa ya kupiga magoti, na kwa miaka mingi nilijihukumu kwa hilo. Aliyenisaidia ni Nehemia. Sura ya 2, mfalme Artashasta anamwuliza, "Unataka nini?" Nehemia anasema alimwomba Mungu wa mbinguni, kisha akamjibu mfalme. Sala hiyo iliingia kati ya swali na jibu! Ni pumzi moja. Mfalme hakujua hata kama imesaliwa.

Ndivyo ninavyosali nikivaa glavu. Glavu ya kushoto nasema "Bwana," ya kulia nasema "nisaidie kwa huyu." Nikizivua nasema asante, hata kama huyo mgonjwa hakupona, maana nilikuwa naye. Kwa zamu moja naweza kusali mara thelathini na hakuna anayeniona nikisali.

#3

Shalom. Mimi ni mwanaume, nimekaribishwa, kwa hiyo naomba niseme kwa upole. Pole kwa msiba, dada yangu.

Swali la pili linanipa shida. Waefeso 5:20 inasema "na kumshukuru Mungu Baba sikuzote kwa mambo yote." Mambo yote ni yote. Na Ayubu alipofiwa na watoto wake kumi kwa siku moja alisema "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe." Nachelea tusije tukaanza kuchagua lipi la kushukuru na lipi la kuacha, mwisho imani yetu ikafuata hisia. Sisemi mama yule alichagua wakati mzuri. Ila neno alilolisema limo katika Biblia.

#4

Ndugu wa #3, asante kwa kuongea kwa staha. Nimesoma theolojia kidogo, naomba nichangie kwenye lugha.

Kiswahili chetu kina neno "kwa" ambalo linabeba mizigo mingi. "Shukuruni kwa kila jambo" katika 1 Wathesalonike 5:18 inaweza kusikika kama shukuruni kwa ajili ya kila jambo, au shukuruni mkiwa katika kila jambo. Katika Kigiriki, Paulo ametumia *en*, yaani "katika." Ndani ya kila hali, msiache kushukuru. Kwa hiyo mstari aliopewa mleta uzi unamtaka asiache kumshukuru Mungu akiwa ndani ya msiba. Haumtaki auite msiba zawadi.

Waefeso 5:20 uko sahihi, pale neno ni *hyper*, "kwa ajili ya," na sitaki kuukwepa. Ila usomwe na mstari wa 19 unaoutangulia: zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni. Paulo anazungumza na watu wanaoimba zaburi, na karibu theluthi ya zaburi zote 150 ni za maombolezo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu atamsahau mtu hata lini. Zaburi ya 88 inaishia gizani, hakuna aya ya sifa mwishoni, na bado imo kitabuni. Watu hao walijua kulia mbele za Mungu bila kumkana.

Na Ayubu tumsome mpaka sura ya 3, mahali anapoilaani siku aliyozaliwa. Mtu ni yuleyule, sura mbili tu baadaye.

La mwisho, kwangu ndilo kubwa. Yohana 11. Mstari wa 35, Yesu analia akielekea kaburini kwa rafiki yake Lazaro. Mstari wa 41, amefika kaburini, anasema "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Lazaro bado yumo ndani. Machozi hayajakauka usoni na anashukuru, lakini angalia anashukuru kwa nini: kwamba amesikiwa. Kifo cha rafiki yake hakukishukuru. Alikililia.

#5

Nimelia. Mimi ya kwangu ilikuwa wiki ya 31. Sijawahi kuiandika popote mpaka leo. Asante kwa ile sweta.

#6

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Naandika polepole, mtanisamehe makosa.

Mleta uzi, mimi si yule mama aliyekuja kwako, lakini ningeweza kuwa yeye. Maneno yale nimewaambia mabinti wengi. Nimeyasema nikiwa nimewashika mkono hivyohivyo. Leo nimesoma hapa nikaanza kuwahesabu, nikafika wa sita nikaacha kuhesabu nikaanza kuwaombea. Yupo mmoja bado nina namba yake ya simu. Nitampigia kesho.

Nataka mjue kwa nini tunayasema. Tunaogopa. Unaingia nyumba ya msiba, mtoto wa watu amekaa anatazama ukuta, unahisi ukinyamaza imani itaonekana haina jibu. Basi unatoa mstari kama mtu anayetoa kitambaa, afute haraka tuondoke. Rafiki zake Ayubu, walipofika, waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Hizo ndizo siku 7 walizomfaa. Walipofungua vinywa wakaharibu, na mwishoni Mungu mwenyewe akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Sura hizo nimezisoma miaka arobaini. Nilikuwa najiona upande wa Ayubu.

Na kuhusu kuomba bila kuona jibu, mimi hujishikilia kwa Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, yule mwalimu wa kanisa la kale. Alikuwa mwanamke wa Afrika ya Kaskazini, huko ambako leo ni Algeria. Alimlilia mwanawe miaka na miaka ili aamini. Augustino alibatizwa Pasaka ya mwaka 387 mjini Milano, na mwaka uleule Monika akafa huko Ostia, safarini kurudi kwao. Alikula matunda ya sala zake miezi michache tu. Nina mwanangu wa kiume ambaye hatusemezani huu mwaka wa tisa. Kila asubuhi nikitandika kitanda nalitaja jina lake nikiwa naunyoosha mto. Shukrani yangu kwa habari yake ni hiyo tu, kwamba jina lake bado naweza kulitaja bila hasira. Miaka ya mwanzo nilikuwa siwezi.

#7

Samahani kuingilia. Mimi sijasali miezi minane. Sikufiwa na mtu. Nimechoka tu, watoto wawili, kazi, ndoa imekuwa nzito. Kanisani nakwenda kwa sababu watoto wanapenda. Nikisoma daftari lako lenye pande mbili nahisi wivu, maana mimi hata upande wa kushoto sina la kuandika. Kukavu. Mtu kama mimi anaanzia wapi?

#8 Mleta uzi

Nimesoma kila neno. Mama wa #6, nimeusoma ujumbe wako kwa sauti, mume wangu akisikiliza. Nakuomba unihesabu miongoni mwa hao uliowashika mkono, na mimi nimekusamehe kwa niaba ya yule mwingine. Nimekwisha msamehe na yeye, lakini leo nimeelewa alikuwa anaogopa. Sikuwahi kuliwaza hilo. Nilidhani yeye ana uhakika na mimi ndiye mwenye hofu.

Wa #4, "anashukuru kwa kuwa amesikiwa" nimeiandika upande wa kulia, kwa kalamu nyekundu.

Dada wa #7, hujaingilia, uzi ni wako. Sitakupa daftari. Daftari lilikuja baadaye. Miezi ile ya ukavu mimi nilikuwa nafikiri lazima nianze na maneno mazuri, na maneno mazuri ndiyo hasa niliyokuwa sina. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba ipasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kama Roho anaugua, na wewe guna. Keti kitandani useme "nimechoka," ila useme ukimwelekea yeye. Usimtafutie mstari wa kufungia. Usiombe radhi kwamba ni fupi. Ukiona huwezi kusema, basi jua kuna mtu hapa amelisema kwa ajili yako saa nne usiku wa leo, akiwa jikoni.

#9 (wa #3)

Nimerudi. Nimefikiria hoja ya #4 na naikubali kuhusu Wathesalonike. Waefeso bado naendelea kuitafakari.

Ila nimekuja kwa jambo lingine. Jana usiku nilimwuliza mke wangu, "Wewe huwa unaombaje?" Tuna miaka kumi na moja ya ndoa na sikuwahi kumwuliza, tunaomba pamoja lakini mimi ndiye ninayesema. Alinyamaza kidogo akaniambia huwa anasali ninapokuwa naomba kwa sauti, kwa sababu ndio wakati pekee nyumba nzima imetulia. Anasema yake chini kwa chini, midomo tu. Nimemkumbuka Hana, na nimemkumbuka Eli. Kuanzia jana sala ya jioni tunaanza kwa kunyamaza, dakika tano, kila mtu na yake.

#10 (wa #7)

Nimejaribu leo asubuhi, ndani ya gari, baada ya kuwashusha watoto shuleni.

Sikushukuru. Nilimwambia, "Nimechoka na wewe hujasema kitu." Nilisema kwa sauti kubwa mpaka nikaogopa nitasikika nje. Kisha nikalalamika kuhusu mume wangu, kuhusu mama yangu, kuhusu mgongo unaouma, vitu ambavyo sikujua vimo ndani. Kama dakika kumi. Nikajikuta nimesema amina kwa mazoea, nikashtuka, maana amina unaisema mwisho wa sala.

Sijui kama inahesabika.

#11 Mleta uzi

Inahesabika, dada. Hana angekuambia hivyohivyo.

Jina lako silijui, nimeandika "dada wa #7, mgongo, mume, mama, uchovu" kwenye ukurasa wa leo upande wa kushoto. Kulia nimeandika "amesema." Kesho jioni nikikunja nguo nitakutaja, na siku zinazofuata. Ukiwa na nafasi uje utuambie mgongo unaendeleaje.